Melatonini ya kumnunulia mzee, Arusha na Moshi: chupa ipi, na imezwe saa ngapi

Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia na inayouzwa kama msaada wa usingizi, inazunguka Arusha na Moshi kwa namna nne: kidonge cha kawaida cha miligramu 3 au 5, kidonge cha miligramu 10, pipi laini za kutafuna, na kidonge cha miligramu 2 kinachoachia dawa taratibu. Chupa nyingi hazikununuliwa hapa. Zimeshuka uwanja wa ndege wa KIA ndani ya sanduku la mtoto aliyekuja likizo kutoka Marekani, ambako tangu sheria ya virutubisho ya 1994 zinauzwa rafu moja na vitamini. Uingereza ni mpaka uwe na cheti cha daktari. Ukiitaka hapa mjini, anza na famasi kubwa za katikati. Kwenye duka la dawa muhimu la Ngarenaro au Pasua usiende na matumaini, na ukisema tu "nataka dawa ya usingizi" unaweza kutoka na kitu kingine kabisa. Hilo tutalifikia.

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Ukiwa na hela ya chupa moja, chukua kidonge cha kawaida chenye miligramu chache kuliko zote zilizopo, 1 ukiipata, la sivyo 3, tena kile kinachokatika. Ile 10 iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa mbele ya chupa, ambayo kila mtu anaitamani kwa sababu inaonekana ina nguvu, tunaiweka mkiani.

Sababu iko kwenye kazi yenyewe ya hii homoni. Inatengenezwa na tezi ya pineali, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele katikati ya ubongo. Aaron Lerner na wenzake wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, ndio walioitenga mwaka 1958, kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Giza likiingia na macho yakaacha kupokea mwanga, hasa ule wa bluu, tezi inaachia melatonini na mwili mzima unapata habari kwamba usiku umeingia. Ifikirie kama adhana: inatangaza wakati, haikubebi mpaka msikitini. Diazepamu, ile dawa kali ya usingizi, inakuangusha hata kama ni saa sita mchana. Melatonini haina nguvu hiyo, na anayeimeza akisubiri kuangushwa atasema amepewa chaki. Utafiti uliojumlisha majaribio mengi mwaka 2013 ulikuta inapunguza muda wa kungoja usingizi kwa dakika kama 7 na kuongeza usingizi kwa dakika kama 8. Hizo ni wastani, wapo wanaofaidi zaidi, lakini ndiyo bidhaa unayonunua.

Kiasi ambacho mwili wenyewe unatengeneza kwa usiku mmoja hakifiki miligramu 0.1. Ukimeza kidonge, sehemu kubwa inaharibiwa na ini kabla haijafika kwenye damu. Kinachobaki ni kama asilimia 15, na kinatofautiana sana baina ya mtu na mtu. Kwa hiyo 0.3 iliyomezwa inatosha kuurudisha usiku wa mzee kwenye kiwango cha kijana. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliwapima watu wa miaka 50 na kuendelea kwa dozi za 0.1, 0.3 na 3, wakachapisha mwaka 2001: ya 0.3 ndiyo iliyorekebisha usingizi vizuri zaidi. Ile ya 3 ilisaidia pia, ila ilishusha joto la mwili na ikabaki kwenye damu mpaka mchana. Sasa weka 10 mbele ya 0.3. Ni mara 33. Mzee anaamka kichwa kizito, anayumba akienda kuwasha jiko, na nyumbani wanasema dawa imekubali kwa sababu analala mpaka saa nne asubuhi.

Kidonge cha 3 kinakatwa hivi. Tafuta kikata vidonge, kile kiboksi cha plastiki chenye wembe kwenye mfuniko. Kidonge kikiwa na mstari katikati, mstari uwe sambamba na wembe kabisa, kisha bana mfuniko kwa pigo moja. Ukibana polepole kinamung'unyuka. Nusu ni 1.5. Nusu ya nusu ni kama 0.75, na hapo ndipo pa kuanzia kwa mtu wa miaka 65 na zaidi. Vipande havitalingana, kimoja kitakuwa kinene upande mmoja, na unga kidogo utabaki kwenye kiboksi. Usihangaike: kwa melatonini tofauti hiyo haina madhara. Kata vya wiki moja tu, kwa sababu upande uliokatwa unapokea mwanga na unyevu, na melatonini haipendi mwanga. Kwa hesabu hiyo chupa ya vidonge 60 inakwenda usiku 240, zaidi ya miezi saba. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujafurahia bei.

Kile cha kuachia taratibu hakikatwi, hakitafunwi, hakisagwi. Ukikivunja umekigeuza cha kawaida. Ndicho chenye karatasi nzuri kuliko vyote: Circadin ya miligramu 2 ilipata kibali Ulaya mwaka 2007 kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye usingizi mbovu, kidonge kimoja saa moja au mbili kabla ya kulala, baada ya chakula, kwa muda usiozidi wiki 13. Kinatengenezwa kama dawa, si kirutubisho, hivyo kilichoandikwa ndicho kilichomo. Hesabu ya kwa nini kipo ni rahisi. Melatonini ya kawaida inapungua nusu kila baada ya dakika 40 hadi 50. Mzee akimeza saa tatu usiku, kufikia saa sita imebaki chembe. Anayepata usingizi vizuri kisha akashtuka saa nane usiku na kuhesabu mabati hatasaidiwa sana na cha kawaida; cha taratibu kina nafasi zaidi. Kasoro yake ni kupatikana: kama hakipo dukani, usikubali "hiki ni kilekile" bila kusoma kwenye pakiti maneno "prolonged release".

Pipi laini hatuzipendi, na si kwa sababu ya sukari tu. Kwanza, dozi inafichwa. Mbele ya chupa imeandikwa 5, nyuma kwenye mstari wa "serving size" imeandikwa pipi mbili. Anayekula moja anapata 2.5, anayedhani kila moja ni 5 amekosea hesabu, na pipi haikatiki sawasawa. Pili, joto. Chupa iliyosahauliwa kwenye gari lililoegeshwa juani Moshi, hata kwa saa chache, inageuka donge moja, na donge hilo hakuna anayejua lina dozi ngapi. Tatu, wajukuu. Marekani, taarifa za watoto waliomeza melatonini zilizofika kwenye vituo vya kushughulikia sumu zilipanda kutoka 8,337 mwaka 2012 hadi 52,563 mwaka 2021. Kitu kinachofanana na peremende, kilichowekwa kabatini kwa bibi, kitaliwa tu. Nne, mwaka 2023 watafiti walipima aina 25 za pipi hizo zinazouzwa Marekani: 22 hazikuwa na kiasi kilichoandikwa, na moja haikuwa na melatonini hata kidogo.

Vidonge navyo havijatakasika. Kanada mwaka 2017 walipima bidhaa 31, wakakuta kiasi halisi kikianzia asilimia 83 pungufu ya kilichoandikwa mpaka asilimia 478 zaidi, na 8 kati yake zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ambayo haikutajwa popote. Mtoto akiuliza kutoka huko alete ipi, mwambie atafute chupa yenye alama ya ukaguzi wa ubora ya USP Verified, kiambato kimoja, miligramu 1. Chupa yenye melatonini pamoja na mizizi ya valeriani, vitamini B6, magnesi na maua ya kamomaili haikupi nafasi ya kujua nini kimefanya kazi na nini kimemletea mzee kichefuchefu.

Kuna namna moja ya kuuziwa inayofaa kukataliwa hapohapo: vidonge kuhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa na kutiwa kwenye kibahasha chenye maandishi "1×1". Kwa dawa ya minyoo sawa. Kwa melatonini, "moja mara moja" bila saa ni nusu ya maelekezo, na ile nusu iliyokosekana ndiyo yenye kazi. Kibahasha cheupe pia kinapitisha mwanga, hakina tarehe ya mwisho, wala jina la mtengenezaji. Omba chupa nzima au pakiti yake.

Famasi nzuri utaijua kwa maswali. Mazungumzo yanatakiwa yaende hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna melatonini?"

"Ipo mama. Ni ya kwako au ya mzee?"

"Ya baba yenu. Halali."

"Baba anapanda kitandani saa ngapi, na anaamka saa ngapi?"

"Akishasikiliza habari ya saa mbili tu, huyo. Saa tisa usiku yuko macho, anafungua mlango anakaa barazani."

"Anatumia dawa gani nyingine?"

"Ya presha tu."

"Ina jina gani mama? Ukiwa na pakiti nioneshe."

Mfamasia aliyefika hapo ameshajua mambo mawili ambayo chupa haiyasemi.

La kwanza ni saa. Baba huyo analala kwa muda wa kama saa sita na nusu, kutoka mbili unusu mpaka tisa. Hajakosa usingizi; saa yake ya ndani imetangulia, jambo la kawaida uzeeni. Melatonini ya jioni inaivuta saa hiyo mbele zaidi. Ukimpa kidonge saa moja usiku atasinzia kabla ya taarifa ya habari na kuamka saa nane badala ya tisa, halafu familia itaongeza dozi. Huyu anahitaji kinyume: akae sebuleni kwenye taa angavu mpaka saa tatu unusu, asisinzie kwenye kochi. Wa kupewa kidonge ni yule anayejigeuza kitandani mpaka saa saba usiku. Kwake, kipande kidogo, 0.5 hadi 1, saa mbili au tatu usiku, kila siku saa ileile. Akimeza leo saa mbili, kesho saa tano, keshokutwa akasahau, ni sawa na mwadhini aliyepoteza saa yake.

La pili ni dawa za presha. Propranololi na atenololi zinazuia mwili kutengeneza melatonini yake usiku, kwa hiyo mzee anayezitumia na kulala vibaya ana sababu ya kueleweka, na kwake kidonge kidogo kina mantiki. Dawa ya presha isikatizwe kwa ajili hiyo. Suala hilo lipelekwe kwa daktari wake. Nifedipini ni hadithi tofauti: kuna utafiti uliokuta presha ikipanda watumiaji wake walipoongezewa melatonini. Kama ndiyo anayotumia, aulizwe daktari kwanza, na akiruhusu, pima presha wiki moja kabla ya kuanza na wiki moja baada, muda uleule wa siku, uandike. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze bila daktari. Sipro (siprofloksasini), ile antibiotiki inayotolewa sana, inazuia kimeng'enya cha ini kinachoondoa melatonini, hivyo dozi ndogo inakuwa kubwa. Kwa siku za sipro, acha melatonini. Fluvoksamini, dawa ya sonona, inafanya hivyo kwa nguvu zaidi, hizo mbili zisikutane. Sigara inafanya kinyume, inaiondoa haraka. Mwenye kisukari ale kwanza, amalize, ndipo ameze baada ya muda, kwa kuwa melatonini ikikutana na mlo inaweza kupandisha sukari. Na mbege? Pombe inaleta usingizi wa mwanzo na kuuvunja wa alfajiri. Glasi ya jioni na kidonge cha taratibu havichanganywi.

Sasa lile la kupewa kitu kingine. Ukiomba dawa ya usingizi dukani, mara nyingi kinachotolewa ni piritoni au dawa nyingine ya mzio, kwa sababu kweli inasinzisha. Kwa mtu wa miaka 70 hiyo ni biashara mbaya: inakausha mdomo, inafunga choo, inaziba mkojo kwa mwenye tezi dume iliyokua, inamchanganya akili usiku na kumwangusha njiani kwenda chooni. Miongozo ya dawa kwa wazee inasema waepukane nazo. Diazepamu ina kuanguka kuleule, na juu yake mwili unaizoea. Hapa ndipo melatonini inaposhinda waziwazi. Haijulikani kuleta uraibu wa aina hiyo, na madhara yake ya kawaida ni kichwa kuuma, kizunguzungu, ndoto kali na usingizi wa asubuhi. Mlinzi au dereva wa magari ya watalii aliyemeza asishike lindo wala usukani mpaka alale usiku wote.

Maandishi ya "kupunguza uzee" pembeni ya chupa yapuuze. Ni kweli kiwango cha melatonini cha usiku kinashuka na umri, tezi inapata chokaa, na ni kweli kwenye maabara inakinga seli dhidi ya kuunguzwa na oksijeni. Kutoka hapo mpaka kusema kidonge kinamchelewesha mtu kuzeeka kuna mto usio na daraja, na mara nyingi kiasi kinachotumika kwenye panya ukilinganisha na uzito ni kikubwa mno kuliko cha chupani. Kwa wenye dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wanaochanganya usiku na mchana, mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa 2015 unashauri hata isitumike. Pa pekee ambapo dozi kubwa ina maana ni kwa anayepiga ngumi na mateke akiota, tena chini ya daktari wa mishipa ya fahamu. Mzee anayekoroma kisha akakata pumzi, au anayeamka mara tano kukojoa, hana upungufu wa melatonini. Apelekwe hospitali ya KCMC au Mount Meru akachunguzwe.

Kinachoshindana na chupa hizi zote kwa bei ni jua. Huku jua linachomoza karibu saa kumi na mbili unusu na kuzama saa kumi na mbili unusu, mwaka mzima, tofauti haizidi kama nusu saa. Nje, hata siku ya mawingu ya Julai, mwanga ni maelfu ya luksi (kipimo cha mwanga). Ndani ya sebule yenye mapazia ni mia na kitu. Lenzi ya jicho la mzee imeshakuwa ya njano na inachuja ule mwanga wa bluu unaohitajika, kwa hiyo anahitaji mwingi kuliko kijana. Nusu saa barazani au kwenye kihamba, shamba la nyumbani, kila asubuhi, bila kofia kufunika macho, inaipa saa ya ndani mahali pa kuanzia, na melatonini ya jioni inakuja kwa wakati wake. Kwa yule anayeamka saa tisa, jua lake liwe la alasiri, siyo la alfajiri. Kahawa na chai ya rangi mwisho saa nane mchana. Usingizi wa mchana dakika 30, kabla ya saa tisa.

Kama kidonge kimeanza, weka daftari kando ya kitanda: saa ya kumeza, saa ya kuzima taa, mara alizoamka, asubuhi akoje. Chupa ikae chumbani kwenye droo, si juu ya jiko wala bafuni. Wiki tatu zikipita na daftari halioneshi tofauti, acha siku hiyohiyo. Haihitaji kupunguzwa polepole. Hela ya chupa ya pili nunua balbu hafifu ya njano ya njia ya kwenda chooni, maana ile nyeupe inayowashwa saa nane usiku inazima melatonini yake mwenyewe aliyokuwa nayo.